Shangazi wa Gereji: Likishika Linazima

Shikamoo Shangazi. Nimerithi Datsun 240Z ya mwaka 1972 kutoka kwa marehemu baba. Nikipiga stata injini inashika vizuri. Nikiachia ufunguo tu, inazima. Nimeshabadilisha plagi zote 6, betri, koili na pampu ya mafuta. Sasa fundi anataka kufungua kabureta zote mbili, na mjomba anasema ni baba hajaridhia. Nifanyeje?
Mrithi, Nakuru

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Baba ameridhia zamani. Kilichokataa ni kipande cha udongo mweupe, urefu wa kidole, kilichokaa karibu na koili. Mafundi wazee wanakiita rezista. Wewe umenunua duka zima la vipuri ukaacha hicho kimoja.

Kabureta haijui kama umeachia ufunguo. Jiulize ni nini kinachobadilika sekunde ile mkono wako unapolegea. Stata ikizunguka hunyonya betri mpaka umeme unapungua, ndiyo maana koili ikapewa njia yake ya mkato, ya kutumika wakati wa kuwasha tu. Ukiachia ufunguo, njia hiyo inafungwa, umeme unapitia kwenye rezista ambayo huupunguza ili koili na platini za distribyuta zisiungue. Rezista ikikatika, gari linaishi kadiri unavyoshikilia ufunguo.

Chukua taa ya kupimia. Weka ufunguo kwenye "on", gusa upande ambao umeme unaingilia rezista, kisha upande wa kutokea. Ikiwaka huku, kule ikawa giza, umempata mchawi wa mjomba. Usije ukaunganisha waya moja kwa moja ukaenda hivyo hivyo hadi Naivasha. Platini zitakulilia njiani.

Na kama ni giza pande zote mbili, nani alifungua dashibodi? Katika 240Z umeme wa koili hupitia kwenye mita ya mizunguko ya injini. Mtu akiing'oa akaitengeneze, akaacha nyaya zinaning'inia, gari linagoma na hakuna anayehusisha mambo hayo mawili. Fundi wako mwambie aziache kabureta zipumzike.

Shangazi, gari langu linasema "tik" basi.
Mwenye haraka, Kisauni

Washa taa kubwa, halafu piga stata. Zikififia, shughulika na betri: fungua vichwa vyake, kwangua mpaka ving'ae, na uufuate waya mweusi hadi unapofungwa kwenye bodi, maana hapo kutu hupapenda. Betri iliyoshiba inapimwa volti 12.6. Taa zisipotikisika, fungua stata.

Shangazi, mume wangu ana gari jekundu lililokaa miaka 3 bila kuwaka. Anadai ndilo lililoshinda mbio za Safari Rally za 1973. Kila Jumapili anakanyaga mafuta mpaka nyumba nzima inanuka petroli.
Mama Watoto, Thika

Tuanze na uongo. Safari ya 1973 alishinda Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews, na ile ya 1971 walishinda Edgar Herrmann na Hans Schüller, zote kwa 240Z. Kwa barua ninazoletewa, magari yaliyoshinda yangejaza uwanja wa Kasarani. Muombe namba ya chasisi uone atakavyogeuza mazungumzo.

Sasa ukweli. Nyumba ikinuka petroli, mafuta yanafika. Kinachokosekana ni cheche, na kukanyaga kunazidi kulowesha plagi. Akinge petroli hiyo iliyochacha kwenye mtungi, aache boneti wazi mpaka harufu iishe, ndipo afungue kifuniko cha distribyuta. Gari likikaa, nyuso za platini huota utando usioonekana kwa miwani yake. Azipitishie msasa laini, azifute kwa kitambaa kikavu, aache nafasi ya kama nusu milimita zinapoachana.

Utatakiwa wewe ukae na ufunguo. Mimi nilikalia kiti hicho miaka 30 nikiambiwa "piga, acha, piga, nimesema acha!" na marehemu mume wangu aliyekuwa ameinama chini ya boneti, ndicho chuo nilichosomea. Likiwaka usishuke. Funga mlango, mwachie yeye kiti cha abiria.