Springi ya Bunduki Isiyolia

Marekani wapo wastaafu wanaokosa usingizi kwa ajili ya bolti ya Parris-Dunn. Parris-Dunn ni bunduki bandia iliyoundwa Clarinda, Iowa, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, makuruta wa jeshi la majini wapate cha kubeba kwenye gwaride huku bunduki za kweli zikiwa zimepelekwa vitani. Haijapata kutoa risasi, wala haitatoa. Lakini mwenyewe atasugua kutu taratibu, atapaka kitako mafuta ya kitani, kisha atamgombeza muuza vipuri: “Skrubu hii si ya enzi zile!” Mgeni akishangaa, anaelezwa kwamba bila springi yake yenyewe, kifyatulio hakiwezi kulia “ka!” inavyotakiwa. Hapo adui angetuzoea.