Soga za Wapenda Magari

Wapenda magari wa Dar es Salaam hukutana Jumapili asubuhi, ama kwenye kituo cha kuoshea magari chenye jiko la nyama pembeni, ama chini ya mwembe wa gereji bubu. Gereji bubu ni ile isiyo na bango wala uzio. Ina mwembe, fundi, kijana wa kushika spana, na gari moja lililopandishwa juu ya mawe tangu mwaka juzi, ambalo mwenyewe "anakuja wiki ijayo". Viti ni makreti ya soda, tairi kuukuu na siti ya nyuma ya Noah iliyong'olewa. Muuza kahawa hupita na birika lake, kashata zikiwa kwenye kopo. Ajenda haipo, lakini mkondo wa soga haubadiliki: huanzia kwenye injini, hupitia kwa fundi, na jua likifika utosini watu wameshafika nyumbani, kwa mke, kwa watoto na kwa mama mkwe.

Kijiweni mtu huitwa kwa gari lake. Kuna Mzee Grande mwenye Mark II, kuna IST, kuna Raum, na kuna kijana wa Altezza ambaye hajaoa, hivyo maoni yake juu ya matumizi ya nyumbani hayahesabiwi. Aliyeuza gari huendelea kuitwa kwa gari hilo miaka na miaka. Yupo anayeitwa Corona mpaka leo, na anapanda daladala.

Heshima husomwa kwenye kibao cha namba. Namba ya Tanzania ina T, tarakimu tatu na herufi tatu, na jicho la kijiwe hutua kwenye herufi ya kwanza kati ya hizo tatu. Namba A imekula chumvi nyingi. Namba D bado inatembea kifua mbele. Kwa kweli herufi hiyo husema gari lilisajiliwa nchini lini, haisemi lilitengenezwa lini. Mark II iliyotoka kiwandani mwaka 2002 na kuteremka bandarini mwaka 2019 hubeba namba D bila haya, kama bwana harusi wa miaka sitini aliyepaka nywele piko. Wote wanalijua hilo, na wote hujisahaulisha siku ya kuuza.

Magari yenyewe karibu yote yametoka Japani. Huko nako watu huendesha upande wa kushoto, usukani ukiwa kulia, na sheria yao ya ukaguzi ni kali: gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na ukaguzi wenyewe una gharama. Mjapani huchoka, huuza. Kilichomchosha yeye ndicho kinachomfanya mtu wa Tabata aamke saa kumi na moja alfajiri kukipangusa vumbi kwa fulana yake mwenyewe.

Gari hilo huja na lugha yake. Mengi yana kifaa cha kulipia barabara za kulipia za Japani, na kila ufunguo unapozungushwa mwanamke asiyeonekana husema, kwa adabu kubwa, kwamba kadi haijaingizwa. Dar es Salaam haina kadi hiyo, kwa hiyo mwanamke huyo hurudia taarifa yake kila siku ya Mungu mpaka betri ife. Mwenye Raum alieleza kijiweni kwamba mama yake mzazi alipokuja kutoka kijijini, asubuhi ya kwanza tu alipopakiwa kwenda hospitali aliisikia sauti ile akaitikia, "Marahaba." Hakuna aliyemsahihisha. Alikaa wiki tatu, akiitikia kila asubuhi, na alipoondoka aliacha neno: kati ya wote waliomo nyumbani humo, gari ndilo lililofunzwa adabu.

Redio nayo ina ukaidi wake. Japani hutangaza FM kuanzia megahezi 76, na redio nyingi za magari yao huishia 90, ilhali stesheni za huku zimejipanga kuanzia karibu na 88 hadi 108. Matokeo yake gari hushika stesheni mbili au tatu zilizobanana pale mwishoni, na familia nzima hulelewa na watangazaji hao hao. Kipo kidude cha kuongeza masafa, fundi umeme hukifunga kwa dakika chache. Mwenye IST amekuwa akisema atakifunga tangu mtoto wake wa kwanza alipokuwa chekechea. Mtoto sasa yuko darasa la nne na anajua kwa moyo matangazo yote ya magodoro.

Baada ya salamu na namba, mazungumzo huingia kwenye mafuta, na hapa ukweli hauna kiti. Mwenye gari la cc 1300 hudai linakwenda kilomita ishirini kwa lita moja. Mwenye Mark II, yenye injini ya silinda sita, husema kwa sauti ya mtu anayeapa mahakamani kwamba lake "halili", kisha huomba asindikizwe mpaka kituo cha mafuta akaweke ya elfu kumi. Taa ya mafuta kwenye dashibodi kwake si onyo tena, ni mapambo.

Mafuta yakiisha kujadiliwa, kwa maana zote mbili, inaletwa oili. Mafundi wengi wa chini ya mwembe hupenda oili nzito, ile ya 20W-50, kwa hoja kwamba nchi hii ina joto. Kijana wa Altezza hubisha: injini za VVT-i huendesha sehemu ya kazi yake kwa msukumo wa oili inayopita kwenye vitundu vyembamba, na kitabu cha gari kimetaja oili nyepesi. Kijana yuko sahihi. Lakini kitabu kimeandikwa Kijapani, na fundi ana mvi, kwa hiyo kura hupigwa na kijana hushindwa.

Sehemu yenye utamu kuliko zote ni ya milio. Mpenda gari hasemi gari ni bovu. Husema "lina kamlio". Kisha hukaigiza kwa mdomo, na kijiwe kizima huinamisha vichwa kama waganga. Huulizwa: ni kwenye tuta au kwenye kona? Likiwa la baridi au likishachemka? Ukikanyaga breki kanaacha au kanaongezeka? Majibu yakishatolewa kila mtu hutaja kifaa alichobadilisha yeye mara ya mwisho. Aliyebadilisha bolijointi husema ni bolijointi. Aliyefunga shokapu mpya husema shokapu.

Mwenye IST alifika Jumapili moja na kamlio ka nyuma: ngo, ngo, kimya, ngo. Kalitokea kwenye kona ya kushoto na alipofunga breki. Kijiwe kikaamua ni bushi. Zikabadilishwa bushi. Kamlio kakabaki, sasa kakisikika vizuri zaidi kwa kuwa bushi mpya zilikuwa kimya. Kikaamua ni shokapu. Zikanunuliwa shokapu mbili za nyuma za mtumba, za "Dubai", na pesa yake ikatoka kwenye bahasha ya ada ya shule. Ngo, ngo, kimya, ngo. Wiki ya tatu gari lilipata pancha njia ya Kigamboni. Mkewe ndiye aliyeinua ubao wa buti ili atoe tairi la spea, akakuta chini yake nazi moja kavu, iliyochomoka kwenye kiroba walichotoka nacho Mkuranga mwezi mmoja nyuma. Aliishika mkononi, akamtazama mumewe, hakusema neno. Jioni ile walikula maharage ya nazi, na mume anasema hajawahi kula chakula cha gharama kama kile.

Kwenye bei, kijiwe kina hesabu yake isiyofundishwa shuleni. Kila kifaa kina bei tatu. Iko bei ya dukani, ambayo ni siri ya mnunuzi na Mungu wake. Iko bei ya kijiweni, ambayo hupanda kwa rimu na muziki ili watu washangae, na hushuka kwa spea ili mnunuzi aonekane mjanja. Na iko bei ya nyumbani, ambayo haizidi nusu ya ile ya dukani, na kwa rimu za spoti mara nyingi ni sifuri: "nimepewa na jamaa, alikuwa anazitupa." Utaratibu huu ulifanya kazi vyema enzi za noti. Siku hizi pesa hutumwa kwa simu, na simu huandika ujumbe wenye kiasi, saa na jina la aliyepokea. Mwenye Raum alikuwa bafuni ujumbe wa namna hiyo ulipoingia. Alipotoka aliulizwa, kwa upole mkubwa, "Baba watoto, huyo jamaa anayetupa rimu, mbona umemtumia laki nne?"

Vioo vya pembeni ni msiba wa pamoja. Huchomolewa usiku, au mchana kwenye foleni, na asiye na kioo huelekezwa Gerezani, ambako spea hupatikana za kila aina. Ndiyo maana magari mengi ya jijini yamechongwa namba zake kwenye vioo na kwenye taa, ili mwizi akose soko. Mzee Grande hakuchonga. Alipoibiwa cha kushoto alikwenda kutafuta kingine, akakipata kinachofanana mno: rangi ile ile, na kwenye kona kibandiko cha katuni alichobandika mjukuu wake. Alimwambia muuzaji kwamba kioo hicho ni chake. Muuzaji akamjibu kwamba kitakuwa chake akishalipa. Alilipa. Mjukuu alifurahi kukiona kibandiko chake, na Mzee hakuona haja ya kumweleza kilikotoka.

Ufundi wa nyumbani ni somo refu, nalo hufundishwa kwa vyombo vya jikoni. Mswaki wa mtoto husugua plagi. Soda humwagwa kwenye nguzo za betri zilizoota ukungu wa kijani. Khanga hupangusa dashibodi, na mwenye khanga hugundua akiwa tayari kwa kwenda msibani. Yote hayo husamehewa. Kisichosameheka ni sufuria. Mwenye IST, baada ya mkasa wa nazi kumpunguzia imani kwa mafundi, aliamua kumwaga oili mwenyewe. Injini yake hubeba oili ya lita tatu na kitu. Ndoo ilikuwa na maji ya kufulia, beseni lilikuwa na dagaa. Chini ya kabati palikuwa na sufuria kubwa, jipya, lenye kina kizuri. Akalala chini ya gari, akalegeza nati, oili ikamwagika yote ndani bila kudondoka hata tone. Kazi safi, alivyojisifu. Aliliosha mara tatu kwa sabuni ya unga na mchanga, akalirudisha mahali pake.

Lilikuwa sufuria la kikundi cha kina mama, lililowekwa pale kusubiri arusi ya Jumamosi. Pilau lilipikwa. Wageni walisifu, lakini mmoja baada ya mwingine waliuliza ni kiungo gani kile kilicho nyuma ya mdalasini. Fundi wa pale mtaani, aliyekuwa mwalikwa, alionja tonge moja, akatulia, akaonja la pili. Kisha akamtazama mwenye IST katikati ya umati na kumuuliza polepole, "Kaka, ilikuwa ya kilomita ngapi?"

Mwezi Desemba soga zote hugeuka kuwa za safari, kwa kuwa Wachaga waliomo kijiweni hujiandaa kwenda kwao Kilimanjaro kula sikukuu, kama ilivyo ada. Mwendo kutoka Dar mpaka Moshi unazidi kilomita mia tano, kwa njia ya Chalinze, Segera, Korogwe na Same, na hapo ndipo uongo wa mwaka mzima hukaguliwa. Gari ambalo "halili" hula. Gari lisilochemsha huchemsha pale Mombo, mbele ya ukoo mzima. Kila kijiji kina kibao cha 50, na nyuma ya kichaka trafiki ameshika tochi, kama kinavyoitwa kipima mwendo. Atakayenaswa hulipa faini. Madereva hupeana habari kwa kuwashiana taa. Mke aliyekaa mbele huzihesabu faini kwa sauti, na huwa na kumbukumbu nzuri kuliko mfumo wa serikali.

Kikao cha Jumapili huvunjika kwenye saa saba mchana, simu zinapoanza kulia. Mmoja anatakiwa apitie mchele, mwingine mkaa, mwingine amfuate mtoto kwa bibi yake. Watu huinuka, huagana, huingia magarini, na kwa kawaida moja hukataa kuwaka kwa sababu mlango ulikuwa wazi tangu asubuhi ili muziki usikike. Magari haya mengi ni ya gia otomatiki, na gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Kila aliyepo analijua hilo, na wengi wao wameshawaeleza wengine. Hulisukuma hata hivyo, toka mwembeni mpaka barabarani na kurudi, ndipo mtu anapokumbuka kuuliza nani ana waya za kubusti betri. Mchele huenda nyumbani kwa bodaboda.