Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Nchi ya Kibera Bila Kulowesha Viatu

Anzia kwenye reli. Hii ndiyo reli ya zamani ya kwenda Kisumu, na wasifu wowote wa Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, usiokuwa na picha yake mhariri ataurudisha. Simama katikati, geuza uso kwenye mabati yenye kutu, subiri mtoto apite. Watapita wengi, wakikuimbia wimbo wa taifa: "Hawayu! Hawayu!" Usiitikie zaidi ya mara mbili, hawachoki.

Idadi ya watu: andika milioni moja. Sensa ya 2009 ilihesabu 170,070, lakini hiyo ni namba ambayo haijawahi kumtoa mfadhili machozi. Linganisha na Belize: ni nchi huru tangu 1981, ina kiti Umoja wa Mataifa, na sensa yake ya 2022 haikufikisha watu laki nne. Kibera ni kilomita za mraba mbili na nusu hivi. Kwa hiyo chonde, usigawanye. Ukigawanya milioni yako utakuta umesimamisha Belize nzima ndani ya kila kilomita ya mraba, bega kwa bega, na bado hujapata pa kuweka choo.

Ramani usiitafute. Hadi 2009 Kibera ilikuwa doa tupu kwenye ramani za mtandaoni, ndipo vijana wa mtaa wakashika vifaa vya GPS wakaichora wenyewe, mradi wakauita Map Kibera. Kazi safi, ila kwa mwandishi ina kasoro: imejaa shule na zahanati, na itakuharibia ile aya ya kukata tamaa.

Kuhusu mikoa, nyamaza. Wenyeji hukwambia wanatoka Gatwekera, Kianda, Silanga, Mashimoni, Laini Saba, Makina. Wewe andika "Kibera" tu. Ukianza kutaja Lindi, Soweto na Kisumu Ndogo, msomaji atadhani umezunguka Afrika nzima kwa miguu, na mhasibu wako atataka risiti za nauli.

Historia iwe sentensi moja: "Watu walihamia mjini kutafuta kazi." Usiwataje Wanubi. Ukiwataja itabidi ueleze askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR) wenye asili ya Sudan waliopewa makao hapa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, ardhi iliyotengwa 1918 ikiwa zaidi ya ekari 4,000, na wajukuu wao waliokuja kukabidhiwa hati ya ekari 288 mwaka 2017. Msomaji atauliza zile nyingine zilikwenda wapi. Kuna mitaa ya kifahari karibu na hapo ambayo isingependa swali hilo.

Vilevile usiulize nani mwenye nyumba. Sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali, chumba ni cha udongo na mabati, futi kumi kwa kumi, lakini kodi inalipwa kila mwezi na mpangaji akichelewa mlango hufungwa kwa kufuli. Wenyeji wengi ni wapangaji. Mwenye chumba mara nyingi haishi hapo. Mambo haya yanachosha, na hayapigiki picha.

Kinachopigika ni maji. Mtafute mama kwenye foleni ya kibanda cha maji na mtungi wake wa manjano wa lita 20. Kifuniko kilipotea zamani, kwa hiyo mdomo ameuziba kwa kiazi kilichochongwa vizuri kikakaa sawasawa. Piga picha ya kiazi. Usiandike kwamba kwa kila lita mama huyu hulipa zaidi ya jirani yake wa Lang'ata mwenye mfereji jikoni. Utaonekana unatafuta maneno.

Utamaduni: chapati madondo, gurusa za Wanubi, timu ya Gor Mahia. Inatosha. Mwongoza wageni akikuuliza, "Mkubwa, tushuke mpaka mtoni?" mwambie una mkutano Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa.

Sasa tatizo: Kawangware. Mtu atakushauri upande matatu namba 46 ukaone nchi jirani. Fikiri mara mbili. Hakuna reli. Sehemu kubwa ya ardhi ina hatimiliki, ploti zina wenyewe, ghorofa zinapanda juu ya mabati, na ukuta wa mtaa wa kifahari wa Lavington uko karibu kiasi kwamba anayefua nguo huko asubuhi amerudi kwake kwa miguu kabla ya giza. Kuna sehemu inaitwa Congo ambayo haihitaji pasipoti. Hakuna kiongozi wa dunia wa kumnukuu. Obama alipokuja 2006 akiwa seneta, na Ban Ki-moon 2007, wote walipelekwa Kibera. Hata filamu ya The Constant Gardener ilipigwa Kibera.

Kama ni lazima uitaje Kawangware, andika "na mitaa mingine."