Toa Kasuku, Weka Taarifa ya Habari

Televisheni ndiyo bidhaa pekee mjini ambayo watu huinunua kwa rula. Sema unatafuta friji, utaulizwa inakula umeme kiasi gani. Sema unatafuta pikipiki, utaulizwa mafuta na vipuri. Taja televisheni, na kila mtu, kuanzia shemeji hadi muuza chipsi, atakuuliza: "Inchi ngapi?" Ukishataja namba mjadala umekwisha, ama umeheshimiwa, ama umehurumiwa. Kama mtangazaji ana uso wa kijani na mpira unaacha mkia hewani, hayo ni yako na familia yako. Ni sawa na kupima utamu wa mchuzi kwa upana wa sufuria.

Yetu ya inchi 32 ilipoanza kuchora mstari mweusi katikati, ikawa kila mtangazaji anasoma habari akiwa nusu mbili, kikaitishwa kikao cha nyumbani. Kijana wangu wa kidato cha tatu alitaka 75, kwa ajili ya masomo. Mke wangu alitaka yoyote itakayoenea ukutani bila kuigusa picha ya harusi. Shemeji, mdogo wake mke wangu, hakualikwa kikaoni lakini alikuja, kwa sababu yeye ana 65 na kwa hiyo ni mtaalamu.

Hiyo 65 yake naijua. Iko Mbagala, kwenye sebule ambayo ukinyoosha miguu unagusa kabati. Tulikwenda kwake kutazama mechi ya watani wa jadi. Mpira ukipigwa kulia shingo inakwenda, ukirudishwa kushoto shingo inarudi. Hadi kipenga cha mwisho nilikuwa nimefanya mazoezi kuliko mabeki wote, na bado namba za jezi nilikuwa nazikisia, maana kila namba ilikuwa baka jeupe mgongoni mwa mtu. Nilipolalamika, shemeji alijibu kwa upole wa mwenye nacho: "Lakini ni 65."

Na hizo inchi zenyewe ni ujanja mtupu. Zinapimwa mshazari, kutoka kona ya chini hadi kona ya juu upande wa pili, kana kwamba kuna mtu anayetundika televisheni mshazari. Inchi 65 ukizilaza sawa ni upana wa sentimita 144 na kimo cha 81. Inchi 55 ni upana wa 122 kwa kimo cha 68. Inchi 50 ni 111 kwa 62. Ukuta wetu, kati ya mlango na dirisha, una sentimita 130. Nilimwonyesha shemeji futi kamba. Akautazama ukuta, akalitazama dirisha, akauliza: "Hili dirisha mnalitumia sana?"

Kizazi chetu hakikulelewa hivi. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, sisi wa Bara tukasubiri vituo vyetu hadi 1994. Mtaa mzima ulikuwa na TV chogo moja, ndani ya kabati lenye milango na kufuli, na mwenyewe alikagua miguu kwanza kabla ya kukuruhusu kukaa sakafuni. Picha ilikuwa chenga tupu. Mmoja alitumwa nje kuzungusha antena: "Imekuja?" "Bado!" "Sasa?" "Ilikuja, umeipitisha!" Hakuna aliyeuliza inchi. Tuliuliza kama yule aliyepigwa ni stelingi au adui.

Kisha mitambo ya analojia ikazimwa hapa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na chenga zikafa. Siku hizi ishara ikififia picha haiingii chenga. Inakatika miraba, na kiongozi anaganda mdomo wazi katikati ya ahadi. Ukweli ni kwamba sijaona tofauti kubwa ya utekelezaji.

Basi nikaenda Kariakoo, na kikapu cha sokoni cha mke wangu begani. Kabla sijamaliza kuvuka Mtaa wa Msimbazi nilikuwa nimeshapata winga. Kwa msiomjua, winga hana duka ila maduka yote ni yake. Anakushika mkono, anakuita mzee wangu, anakufikisha mahali na kula cha juu chake. Huyu wangu alikichungulia kikapu kwa jicho moja, nadhani akaamua kina nyanya, na kwa hiyo mimi ni mteja wa 32.

Dukani kulikuwa na ukuta mzima wa televisheni, na katika kila televisheni kulikuwa na kasuku. Kasuku mwekundu, mwenye manyoya unayoweza kuyahesabu. Akaruka, yakaja matone ya asali yakidondokea matunda. Yakaja maghorofa ya Dubai usiku, taa zote zinawaka, kule hawanunui Luku. Nimelipia vifurushi miaka mingi na sijawahi kukutana na kasuku huyu kwenye chaneli yoyote. Analetwa kwa kazi hiyo tu: picha zimerekodiwa kwa ubora wa juu kabisa, kisha televisheni yenyewe imewekwa kwenye mpangilio wa dukani, ambao kazi yake ni kupandisha mwanga na kukoleza rangi mpaka macho yatoe machozi. Hata mimi nikipitishwa humo nitatoka kijana wa kuposa.

"Toa kasuku," nikasema. "Weka taarifa ya habari."

Winga akamtazama mwenye duka. Mwenye duka akanitazama mimi. "Mzee wangu, hii ni 4K."

"Ndiyo maana nataka taarifa ya habari."

Hawakunielewa, na nikawaeleza kwa kirefu, kwa sababu nilikuwa nimepanda mabasi mawili na sikuwa na haraka. Kioo cha 4K kina nukta 3840 kwa mapana na 2160 kwa kimo, jumla zaidi ya milioni nane. Kifurushi changu ni kile cha bei ya mtu mzima mwenye watoto shuleni, na chaneli zake nyingi bado zinakuja kwa mistari 576, yaani nukta kama laki nne hivi kwa picha nzima. Hesabu ni rahisi: kila nukta moja inayotumwa na kituo inatakiwa kugawiwa nukta ishirini za kioo. Hizo kumi na tisa zilizobaki televisheni inabuni yenyewe. Ile yenye kichwa kizuri inabuni vizuri. Ile ya bei ya kutupa inapaka tu, kama fundi rangi aliyekwisha kulipwa. Na kadiri kioo kinavyokuwa kikubwa ndivyo uongo wake unavyoonekana kwa karibu. Nikakumbuka mabaka ya Mbagala.

"Lakini 4K inaonekana zaidi," winga akasema. Inaonekana ukiwa wapi? Jicho zima la binadamu linaacha kuzitofautisha nukta za Full HD likiwa mbali mara tatu hivi ya kimo cha kioo. Kwa 55 hiyo ni mita mbili. Ukitaka kufaidi kila nukta ya 4K, ujisogeze hadi mara moja na nusu ya kimo, yaani mita moja hivi. Kochi letu liko mita tatu kutoka ukutani, na mbele yake kuna meza ya kioo ya mke wangu yenye kitambaa cha kufuma, ambayo haijasogezwa tangu tuhamie na haitasogezwa kwa ajili ya nukta. Kwa hiyo nalipia nukta ambazo siwezi kuziona, zijazwe picha ambayo kituo hakikuituma. Nikaomba 55 isiyo ya 4K. Mwenye duka akacheka kwa huruma. Hazipo siku hizi, mzee.

Sawa. Basi tutazame kitu ambacho hata mimi wa mita tatu nakiona: weusi. Televisheni nyingi zina taa nyuma ya kioo, na za bei rahisi taa hizo hazizimiki sawasawa pale picha inapotaka giza. Usiku unakuwa wa kijivu. Kwenye sinema zetu mganga anaingia saa nane za usiku kwa kunyata, na familia nzima inamwona tangu yuko uwani. Zipo zile za OLED ambazo kila nukta inawaka na kuzimika yenyewe. Nyeusi yake ni nyeusi kweli, mganga anafika hadi kitandani hujamshtukia. Nilitajiwa bei. Nikauliza kama ni pamoja na kiwanja.

Na tutazame ubavuni. Hao wanaotengeneza televisheni wanaamini familia ni watu wawili walioketi katikati ya kochi. Kwangu kochi linabeba watatu. Wengine wako mkekani, mmoja yuko kwenye mkono wa kochi, na mama mkwe akija anakaa kiti cha mlangoni, apate upepo na kuona anayepita. Vioo vya aina ya VA vina weusi mzuri ukivitazama uso kwa uso, lakini ukikaa pembeni rangi zinapauka. Vya IPS vinavumilia wa pembeni, ila weusi wake unalegea. Kwenye boksi huandikiwi, na muuzaji ukimuuliza anakwambia zote ni orijino. Njia ni moja: kukaa. Nikakaa sakafuni dukani, miguu nimekunja, nikatazama juu. Nikahamia kwenye kona ya mlango, nikatazama kama mama mkwe. Kasuku alipauka akawa njiwa.

"Mzee wangu, unajisikia vizuri?" winga akauliza. Mteja mmoja alishaanza kunifungulia chupa ya maji.

Wakaniletea sifa nyingine: double glass. Hii ni televisheni iliyowekewa kioo cha pili kigumu mbele, ili mtoto akirusha rimoti, rimoti ndiyo ivunjike. Ni wazo zuri sana kwa nyumba yenye wajukuu, na nawaheshimu walioibuni. Lakini kile kioo kinang'aa. Saa saba mchana, mlango ukiwa wazi, hutazami tamthilia. Unajitazama wewe mwenyewe ukiwa na kijiko mdomoni, na nyuma yako jirani anaanika nguo. Mke wangu anafuatilia ile tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Sitaki aanze kuniona mimi mahali pa yule kijana wa Istanbul. Ulinganisho huo hauna faida kwangu.

Sauti sitaizungumzia. Televisheni zimekonda hadi spika zimekosa pa kukaa, na kila muuzaji televisheni, kwa bahati, anauza pia sabufa.

Mwishowe zikabaki mbili, bei sawasawa. Moja ya inchi 65, ya jina ambalo nadhani lilitungwa kontena likiwa njiani. Nyingine ya inchi 50, ya jina linalojulikana. Winga alisimama upande wa 65. Pembeni yake alikuwepo bwana mmoja wa makamo aliyekuwa amechagua 65 hiyo hiyo, pesa ameshahesabu, anasubiri mashine ya EFD itoe risiti.

Ndipo nikaweka kikapu juu ya kaunta, nikatoa king'amuzi cha antena, antena yake ndogo, na waya wa HDMI.

"King'amuzi kimetoka wapi?" mwenye duka akauliza.

"Nyumbani. Ndicho nitakachotazamia."

Kwa adabu tu, nadhani, akaniacha nichomeke. Kasuku akatoweka kwenye 65, ikaja taarifa ya habari ya saa saba. Kiongozi fulani alikuwa anazindua kisima. Duka likanyamaza. Wapita njia wawili wakasimama mlangoni, kwa sababu Kariakoo kitu kikinyamaza watu hukusanyika.

"Huyo ni nani?" mmoja akauliza.

"Mkuu wa wilaya, nadhani."

"Mbona hana pua?"

Hakuwa nayo. Ilikuwa imepakwa pamoja na mashavu. Maji ya kisima yalikuwa yanatoka bombani kwa vipande vya mraba. Nikahamishia waya kwenye 50. Pua ikarudi, ndogo kidogo lakini kamili, na maji yakaanza kutiririka. Nikarudisha kwenye 65, pua ikaondoka. Nikarudisha kwenye 50. Mtu mlangoni akapiga makofi.

Yule bwana wa makamo akasogea, akavaa miwani, akaitazama 65 kwa muda mrefu, akaitazama mashine ya EFD ambayo bado ilikuwa inatafuta mtandao, kisha akaziomba pesa zake zirudi juu ya kaunta wakati anafikiria. Mama mmoja aliyekuja kununua pasi akauliza kama naweza kuichomekea na ile ya 43 pale juu. Mtu wa tatu akataka kujua nipo dukani hapa kila siku au Jumamosi tu.

Winga akanivuta pembeni. Hakuniita tena mzee wangu, aliniita baba. Kwenye 50 nilipewa punguzo ambalo sikuwa nimeliomba, na braketi ya ukutani juu yake, bure. Bajaji ilikuwa imeshaitwa na kulipiwa. Kijana mmoja akaibeba televisheni wima, kama inavyotakiwa, mwingine akabeba kikapu changu, na mwenye duka mwenyewe akakunja waya wa HDMI kwa mikono yake, haraka haraka, huku mama wa pasi akiwa bado ananyoosha kidole kwenye ile ya 43.