Pongezi kwa Wapenda Fukwe wa Kasulu

Wasemwe watakavyo, watumishi wa Kasulu na Kibondo wanaojinyima mwaka mzima ili wakazuru fukwe za Unguja wanastahili pongezi. Safari ni zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam, kisha boti, kisha daladala mpaka Nungwi au Paje. Huko Paje maji yakipwa, bahari hujiondokea zake, na mgeni hupata fursa adimu ya kuifuata kwa miguu.

Ziwa Tanganyika, kilomita kama 100 hivi kutoka Kasulu, haliwezi kutoa starehe ya namna hiyo. Maji yake yapo pale pale, asubuhi na jioni. Hayana hata chumvi! Kina chake cha mita 1,470 ni cha pili tu kwa maziwa ya dunia, nyuma ya Baikal, na mtu mwenye hadhi hapigi picha na namba mbili. Tena akirudi kazini aseme alikula mgebuka Kigoma, nani atamsikiliza?

Wapo waliopotoka, ni kweli. Wajerumani waliijenga meli kwao, wakaifungua vipande vipande, wakaiunga upya Kigoma na kuishusha majini mwaka 1915, ndiyo Liemba. Jane Goodall naye alitoka Uingereza, akafika Gombe mwaka 1960, kwenye msitu unaoteremka hadi ufukweni. Maskini, hawakuwa na wa kuwashauri.

Atakayesafiri Desemba akate tiketi mapema. Basi la Kasulu linalopitia Kibondo na Nyakanazi halilioni ziwa, kwa hiyo hakuna hatari ya kushawishika njiani.