Mbavu za Baba

Daktari alikuwa na swali moja tu. "Mzee, hili doa kwenye pafu la kulia, ulikuwa nalo zamani? Ipo picha ya nyuma?" Doa lililokaa zaidi ya miaka 2 bila kukua huwa halimtishi daktari sana, jipya ndilo la kukimbiza. Baba akajibu bila wasiwasi kwamba picha ipo, ya mwaka 2011, ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati.

Bahasha ilikuwepo kweli. Ndani mlikuwa na risiti za mbolea.

Nyumba ikapinduliwa. Mama akatoa madaftari yake ya zahanati, haya ya shule yenye jedwali la kuzidisha nyuma, kila homa ya kila mtoto imeandikwa humo. La Baba halikuwepo. Yeye aliliamini faili la hospitali. Tukapiga simu masjala. Namba ya faili? Hatuna. Jina? Jina la Baba nusu ya wilaya wanalo.

Shangazi ndiye aliyekumbuka. "Si ndiyo mliyotazamia jua?"

Septemba 1, 2016, hapa Rujewa watu walifurika kutazama jua likipatwa mpaka likabaki pete, na miwani haikutosha. Mdogo wangu akaikata filamu ya Baba kwa mkasi, akagawia mtaa. (Eksirei haikingi macho, asidanganyike mtu. Ashukuriwe Mungu hakuna aliyepofuka.)

Tukaanza kupiga hodi. "Shikamoo bibi, samahani, tunaulizia mbavu za Baba." Kipande kimoja kilikuwa kwa fundi cherehani, anachorea kola. Kingine kimepigiliwa misumari kwenye dirisha la banda la kuku la jirani, maana filamu ni plastiki, mvua haiiozeshi. Jirani alikitoa kwa sharti la kuletewa bati. Cha begani hakijaonekana mpaka leo.

Mama akaviunga kwa selotepu. Daktari akavibandika kwenye taa, akasogea, akatoa rula. Doa lilikuwepo, kwenye kipande cha banda, kati ya matundu mawili ya misumari, ukubwa uleule.

"Nani aliikata hivi?"

"Mambo ya jua, daktari," Baba akasema.

Daktari akaomba abaki na vile vipande kwa ajili ya faili. Mama akakataa katakata: bati lenyewe bado hatujanunua.