Adabu za Kuitembelea Bahari Isiyokuwepo

Mwambao wa kusini-mashariki mwa kisiwa cha Unguja, unaoanzia Makunduchi na kupita Jambiani, Paje na Bwejuu hadi ncha ya rasi ya Michamvi, huelezwa katika vipeperushi vya utalii kwa maneno matatu, ambayo ni mchanga, minazi na bahari, na hakuna hata moja kati ya hayo lililo la uongo. Ila vipeperushi hivyo husahau kulitaja jiwe, ambalo ndilo lililoutengeneza mwambao wenyewe, na husahau pia kueleza kwamba bahari inayoonekana pichani huwepo pale kwa zamu.

Jiwe linalozungumziwa ni matumbawe ya kale, yaani mabaki ya wanyama wadogo wa baharini wajengao makazi ya chokaa, ambayo yalikua chini ya maji miaka ipatayo 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo kwa mita kadhaa, kisha maji yaliposhuka yakaachwa juani. Tangu hapo mvua, ambayo kwa asili ina tindikali kidogo, imekuwa ikiyayeyusha na kuyachonga hadi yakawa na ncha, mashimo na kingo kali, huku mawimbi yakiyala kwa chini hadi majabali mengine yamebaki yakining'inia juu ya maji bila ya kuegemea kitu. Ardhi ya namna hiyo wenyeji huiita maweni. Ni mawe ya jamii hiyo hiyo yaliyojenga Mji Mkongwe na misikiti ya kale kama ule wa Kizimkazi, wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 wa Miladia, kwa hiyo hayawezi kudharauliwa kwa hoja kwamba ni mawe ya ovyo. Lakini mgeni anayeyakanyaga kwa mara ya kwanza, hasa pale Mtende ambako ufukwe mdogo umebanwa na majabali, kwa kawaida hajali historia yake ya ujenzi, bali huzungumza nayo kwa lugha ambayo msikitini haitumiki.

Zamu za bahari nazo zinahitaji maelezo. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na kama dakika 50, na nyongeza hiyo ya dakika, inayotokana na mwendo wa mwezi, ndiyo inayofanya saa za jana zisifae kwa leo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huyavuta maji kwa pamoja, na tofauti ya kimo baina ya kujaa na kupwa hufikia mita 3 hadi 4, hali iitwayo bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, nguvu hizo hupingana, na tofauti hushuka hadi kama mita 1, na hayo huitwa maji mafu. Unguja ina kawaida ambayo mgeni akiijua mapema atajiepusha na nusu ya masaibu yake: siku za bamvua maji hujaa pomoni mnamo saa kumi, na hupwa kabisa mnamo saa nne. Saa nne asubuhi, kwa bahati mbaya, ndio wakati ambao mgeni, akiwa amekwisha kunywa chai, kujipaka mafuta ya kujikinga na jua, na kuvaa nguo ya kuogelea ambayo hawezi tena kuibadilisha bila ya kuzua maswali, hutoka haraka haraka kwenda majini na kukuta bahari imeondoka. Mbele yake pana tope laini, majani ya bahari, madimbwi yenye kaa, na mbali sana, sehemu nyingine zaidi ya kilomita moja, mstari mweupe ambapo mawimbi yanavunjika kwenye mwamba.

Malalamiko hupelekwa mapokezi, ambako kijana wa zamu, aliyekwisha kuyasikia kila bamvua tangu alipoajiriwa, hujibu kwa upole, "Yatarudi, mama. Hayaendi mbali." Mgeni mwenye hekima zaidi hutafuta ushauri wa mzee wa kijijini, na hapo huzuka mkanganyiko wa aina nyingine, kwa sababu mzee wa Jambiani akiulizwa maji yatajaa saa ngapi hatazami saa, bali huuliza, "Leo mwezi ngapi?" naye mgeni, baada ya kutazama simu yake, hujibu kwa fahari kwamba ni mwezi wa nane. Mzee humtazama, akamhurumia, akamwambia aje alasiri.

Wachache huja alasiri. Walio wengi huamua kuifuata bahari huko iliko, kwa miguu, uamuzi unaowapitisha moja kwa moja katika mashamba ya watu. Mwani wa biashara ulianza kupandwa Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake, ambao hufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi na kuvuna baada ya wiki 6 hivi. Kazi hiyo hufanyika bamvua, maji yakiwa yamepwa, na ndiyo maana mkulima na mgeni hukutana uwanjani kwa saa ile ile, mmoja akiwa amejifunga kanga kiunoni na kuinamia kamba zake, mwingine akiwa ameinua simu juu kutafuta mtandao. Mgeni aliyejikwaa kwenye kamba huomba radhi kwa kurudi nyuma, na kurudi nyuma humpeleka kwenye kamba ya pili. "Baba, simama hapo hapo ulipo," huamriwa, kisha huelekezwa hatua kwa hatua hadi atoke, na ni nadra kumwona mtu mwenye cheo huko atokako akitii amri kwa unyenyekevu wa namna ile. Mwani huo ukishakaushwa husafirishwa nje, ambako hutolewa karajinani, yaani dutu inayofanya vitu vya majimaji viwe vizito na laini, nayo hutiwa katika aiskrimu na dawa ya meno. Hivyo mgeni yule yule, apigapo mswaki usiku, anaweza kuwa anaukanyaga mwani wa Jambiani kwa mara ya pili, safari hii kwa meno.

Upepo utajwe kwa ufupi. Katika miezi ya kusi, ambayo hasa ni Juni hadi Agosti, upepo hutoka baharini kuelekea nchi kavu, jambo jema kwa vijana wa Paje wanaoburutwa juu ya maji na tiara kubwa, na jema pia kwa watoto wa kijiji ambao hurudisha kofia za wageni na kupewa chochote. Miezi ya kaskazi huwa na joto zaidi, na kofia hukaa kichwani.

Kinachostahili kuchunguzwa kwa kina ni mchanga na usingizi, kwa kuwa viwili hivyo, vikikutana, ndivyo vinavyozaa ajali yenye umaarufu mkubwa zaidi katika mwambao huu. Mchanga wake ni mweupe na hauunguzi nyayo hata jua la utosi, na sehemu yake hutokana na pono, samaki mwenye meno yaliyoungana mithili ya mdomo wa kasuku, ambaye huyakwangua mawe ya matumbawe kutafuta mimea midogo, husaga jiwe alilolimeza, na kulitoa upande wa pili likiwa mchanga. Kwa maneno mengine, sehemu ya ule weupe unaosifiwa katika picha za fungate ni haja kubwa ya samaki. Waswahili wamempa pono umaarufu wa namna nyingine, kwa kumfanya kipimo cha usingizi mzito. Mgeni aliyekula wali wa nazi na pweza, akatembea hadi kwenye fungu, yaani kilima cha mchanga kinachojitokeza katikati ya maji yakipwa, akajilaza hapo saa sita mchana, huwa amempa samaki huyo heshima zake zote mbili kwa pamoja.

Sasa, maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza tangu kupwa hupanda kidogo sana, kiasi cha kumfanya mtu aamini kwamba hayana nia. Saa ya pili huongeza mwendo. Na katika saa ya tatu na ya nne hupanda karibu nusu ya kimo chote, ambayo kwa bamvua kubwa ni zaidi ya mita 1.5. Kwa kuwa yalipwa saa nne, saa hizo mbili za haraka huanguka baina ya saa sita na saa nane mchana, na mtu angedhani kwamba aliyepanga ratiba hiyo alikuwa na kinyongo na watu waliokula vizuri. Zaidi ya hayo, maji hayaji kwa mbele, ambako mtu angeyaona, bali hupita kwanza katika mikondo na mabonde yaliyo baina ya fungu na pwani, hata aliyelala anapozinduka kwa kulowa kisigino hukuta kwamba bahari aliyoitafuta asubuhi nzima imekuja kwa hiari yake, tena imepita nyuma yake na kukaa baina yake na viatu vyake.

Wokovu kwa kawaida huja kwa ngalawa, ambayo ni chombo kidogo cha gogo lililochongwa, chenye tanga na mbao mbili pembeni za kukizuia kisipinduke. Nahodha wake hana haraka. "Ingia, mwanangu, simu ishike juu," husema, na ukarimu wa watu wa pwani haumruhusu kumwacha mtu majini. Lakini pale panapokuwa na nauli, mazungumzo ya nauli hiyo hufanyika mgeni akiwa amezama hadi kifuani, na katika historia ndefu ya biashara ya Bahari ya Hindi ni vigumu kupata soko lililompendelea muuzaji kuliko hilo.

Anayejaribu kurudi mwenyewe hupitia kwenye mwamba, na mwambani wanaishi viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu, ambao hujibanza mashimoni na hawamfuati mtu, kwa hiyo hawawezi kulaumiwa. Miiba yao ni ya chokaa, sawa na lile jiwe, na hukatikia ndani ya ngozi. Mgeni akifikishwa kivulini huku akichechemea, hujitokeza papo hapo waganga watatu: wa kwanza akishika papai bichi, kwa kuwa utomvu wake hulainisha ngozi, wa pili ndimu, kwa hoja kwamba tindikali huyeyusha chokaa, na wa tatu mafuta ya taa, bila ya hoja yoyote ila uzoefu. Mjadala wao huwa wa heshima na mrefu. Mgonjwa haulizwi chochote, kwani mguu wake umekwisha kuwa mali ya umma, na mara nyingi miiba hutoka yenyewe kabla ya kikao kufikia mwafaka.

Jioni huja taabu ya kuoga. Upande huu wa kisiwa hauna mito, kwa sababu mvua ikinyesha maweni hupenya mara moja katika vinyweleo vya jiwe na kukusanyika chini, maji matamu yakielea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kisima kikichimbwa karibu na pwani, au kikitekwa kupita kiasi, maji yake huwa na chumvi na chokaa. Sabuni katika maji ya namna hiyo haitoi povu. Mgeni hujisugua, hukasirika, huongeza sabuni, na hatimaye huishia kutoa hukumu kwamba ameuziwa sabuni ya bandia, na mwenye duka, ambaye ameuza vipande viwili badala ya kimoja, huipokea hukumu hiyo kwa subira.

Limebaki suala la kandambili, ambalo kwa uzito wake lingestahili kitabu. Kandambili, au ndala kama zinavyoitwa na wengi, ni viatu vya mpira vyenye ukanda wa njia mbili ulioshikizwa kwa vifundo vitatu, na udhaifu wake wote umo katika kifundo cha mbele. Mtu anapopanda jabali la matumbawe, ncha za jiwe huushika mpira kwa chini wakati mguu umekwisha kuanza safari, na kifundo huchomoka. Wahenga walionya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Maweni huwa na huruma kidogo, kwani mara nyingi guu husalimika na kandambili ndiyo inayolipa deni. Aliyenusurika huchopea nyumbani na iliyobaki, huiweka mlangoni kwa siku kadhaa akitumaini, kwa sababu ambazo hakuna anayeweza kuzieleza, kwamba mwenzake atarudi na maji.

Zilizochukuliwa na maji hazipotei kabisa. Mwaka 2018, huko Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini jahazi dogo la urefu wa takribani mita 9, liitwalo Flipflopi, lililojengwa kwa plastiki iliyookotwa na kufunikwa ubavuni kwa kandambili zipatazo 30,000 zilizokusanywa katika usafi wa fukwe, na mapema mwaka uliofuata, katika majira ya kaskazi, jahazi hilo likateremka na pwani hadi Unguja, mwendo wa kilomita zipatazo 500. Kandambili zote hizo zilipita miamba, mafungu na mikondo na kufika salama, jambo ambalo halijapata kuzitokea zilipokuwa zimevaliwa.